Siku Waliponikata Kimeo

Nilikuwa mtoto wa darasa la pili pale Ihanja, na kila mwaka upepo wa kipupwe ukianza, wa kwanza kuugua nilikuwa mimi. Wenzangu walipata mafua, wakafuta kamasi kwa mkono wa sweta, kesho yake wanacheza rede. Mimi mafua yalishuka kifuani. Nikivuta hewa kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga.

Kwetu hali hiyo ilikuwa na jina na ilikuwa na tiba, case closed. Kimeo. Yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, ambacho Mungu amempa kila binadamu, kwa watoto wengine eti kinarefuka, kinalala juu ya ulimi, kinawakohoza mpaka kinawaziba pumzi. Dawa ni kukikata. Bibi, mama yake baba, kila nikikohoa alimwambia mama: "Endelea kumwangalia tu. Siku kikimziba, usije kulia kwangu."

Mama alikataa. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniuma. Alinipeleka zahanati, nesi akanisikiliza kifua, akasema ni mafua ya virusi, yatakwisha yenyewe, ila nikibanwa sana nirudishwe haraka. Lakini mimi nilishamwona mtoto wa jirani akirudi kwa mkata vimeo, anatema damu kwenye kopo. Siku moja tukiwa uani tunapiga alizeti kwa fimbo, vumbi limetujaa puani, nikamwuliza mama kama na mimi nitapelekwa. Akaweka fimbo chini.

"Salome, nitazame. Hakuna mtu wa kukukata wewe. Mimi si nipo?"

"Hata bibi akisema?"

"Hata bibi akisema."

Nikaamini. Mtoto ana nini kingine cha kufanya na maneno ya mama yake?

Jumamosi moja, kifua bado kinapiga filimbi, mama akaniogesha, akanivalisha gauni la kanisani. Tunakwenda mnadani, akasema, kununua viatu. Bibi akafuatana nasi. Bibi, ambaye mnada aliuita mahali pa walevi! Seriously, ningekuwa na akili ningejua pale pale.

Mnadani hatukufika. Tulikata kona nyuma ya mashine ya kusaga, tukaingia uani kwa mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda, mbele yake kisu kidogo na waya uliokunjwa ncha. Akina mama wamepanga foleni na watoto wao. Na mimi, kwa kuwa nimelelewa, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu fungua mdomo tumwone huyo nyoka."

Watu wakacheka. Nikageuka kumtafuta mama. Bibi alikwishanikamata kichwa. Miguu yangu ilikuwa imeshikwa na mikono ninayoijua, ile ile iliyoniogesha asubuhi. Nilimwita kwa nguvu zote. Alikuwa amegeuzia uso ukutani, na hakuachia.

Maumivu yenyewe sikumbuki vizuri. Nakumbuka ladha ya chuma mdomoni. Halafu yule mzee alikuwa na mtindo wake: kile kinyama alikibandika kwenye paji la uso wangu, kibichi. "Kikikauka kikadondoka, na kikohozi kimekauka." Tukarudi nyumbani nimekibeba usoni, na njiani watu wanampongeza mama. "Afadhali umemsaidia mtoto!" Naye anaitikia asante.

Sasa sikia tusi lenyewe: ikawa kweli. Kinyama kilikauka, kikadondokea kwenye bakuli langu la uji, na kikohozi kilikuwa kimekwisha. Bibi alitembeza habari nyumba kwa nyumba. Kipupwe kilichofuata filimbi ikarudi vile vile, na hakuna aliyemfuata yule mzee kumwuliza. Walisema kimeota tena.

Nimekwenda chuo kikuu nikasomeshwa jina la adui yangu: rhinovirus. Kijidudu cha hovyo kabisa, ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya mafua duniani. Kwa mtoto mwingine kinaishia puani. Kwa mtoto mwenye pumu, kama nilivyokuwa mimi bila mtu kujua, kinachokoza njia za hewa, zinavimba, zinabana. Kimeo hakihusiki hata kidogo. Kikohozi kile kingeisha hata kama kinyama wangekibandika kwa mbuzi. Nilikaa darasani, wenzangu wanaandika notes, mimi nimeshika shingo.

Degree ninayo, kazi sina, kwa hiyo nimerudi kwa mama, ambaye siku hizi anaishi mjini, mtaa wa Utemini. Juzi akichambua mchele nikamwambia, "Mama, uliniahidi."

Hakuuliza nini. "Mwaka ule mama Juma alikataa kumkata mwanawe, mtoto akafa kwa kifua. Unajua walimwitaje? Muuaji. Mpaka akahama."

"Ungenirudisha zahanati. Yalikuwa mafua, mama! Nimesoma, kile kirusi..."

"Umesoma juzi. Mimi ulikuwa unatafuta hewa mbele ya macho yangu." Akapeta ungo, makapi yakaruka upande wangu. "Ulipona, hukupona? Na huyo kirusi wako, amekupa kazi?"

Nilipona, ndiyo. Hata yeye namwelewa: alizungukwa na ukoo mzima unaosubiri nife ili umpe jina. Angeniambia tu. Angesema, mwanangu, naogopa, wamenishinda, leo watakukata. Ningelia, ningepiga mateke, lakini ningelia nikiwa na mama. Yeye akanitajia viatu.

Kipupwe hiki mafua yamenishika tena, kifua kinabana. Nina dawa yangu ya kuvuta, najua ninachofanya, nina miaka ya mtu mzima, hakuna wa kunishika miguu tena. Chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta usiofika juu. Asubuhi ananiuliza mlangoni, kwa upole kabisa, "Umeamkaje, mwanangu? Kifua hakijambo?"

"Hakijambo, mama."

Nangoja nyayo zake zifike jikoni. Halafu nazika uso kwenye mto, ndipo nakohoa.