Mdomo Wenye Waya

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haja ya kuficha. Mtu akinywa chai kwa kuivuta mpaka midomo ikalia, mimi huhama meza. Kijiko kilichotoka mdomoni mwa mwingine sikigusi, hata kikiwa cha mke wangu. Kwa hivyo binti yangu alipotangaza kwamba anataka kuwekewa waya za meno, moyo wangu ulikubali lakini tumbo likakataa.

Sababu alikuwa nayo. Meno yake ya juu yalikuwa yamepandana, na tangu aingie gredi ya saba alikuwa hacheki bila kuziba mdomo. Mimi nilikua nikinywa maji ya visima vya huku kwetu, yenye madini yanayotia meno rangi; meno yangu ni ya kahawia kama ya nusu ya watu wa Nakuru, na sijawahi kujali. Yeye alijali. Mama yake, ambaye hufanya kazi Eldoret na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, aliniambia kwa simu: "Mpeleke. Wewe jikaze tu."

Nilijikaza. Huko kliniki, daktari wa meno alijaza ujiuji mzito wa rangi ya waridi kwenye kibati, akaushindilia mdomoni mwa mtoto ili apate umbo la meno. Ulifurika pande zote. Mate yalimshuka kidevuni, macho yakamtoka, na kibati kilipochomolewa kilitoa mlio wa gambuti zikinasuliwa matopeni. Niligeukia dirishani nikasoma mabango ya barabarani. Daktari akanieleza nimwandae kabla ya siku ya waya: mahindi ya kuchoma, miwa na njugu viishe, mtoto azoee vyakula laini.

Mtu mwenye akili angenunua maparachichi na ndizi, aponde viazi, yaishe. Mimi nilijua binti yangu anapenda githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, basi githeri nikaitia kwenye blenda. Ilitoka na rangi ya saruji mbichi, maganda ya mahindi yakielea juu mfano wa kucha zilizokatwa. Siku iliyofuata nikasaga maini. Ya maini sitaeleza. Nilimwekea mezani huku nimegeuza shingo. Akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akala vijiko vichache.

Waya zilipofungwa ndipo balaa lilipoanza. Meno yalimuuma hata kwa ndizi. Kila alichokula kilibaki kinaning'inia kwenye vyuma: uzi wa sukuma, ute wa uji, na chembe nyeusi za mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa ambayo mama yangu alikuwa ametutumia kutoka shambani. Akizungumza, mate yanaruka. Nampenda mtoto huyu kuliko pumzi yangu, lakini mdomo wake ulinishinda kuutazama.

Akaanza kulia chakula chumbani kwake. Nilishukuru kimoyomoyo, kwa sababu sasa ningeweza kumaliza chai yangu kwa amani. Kisha harufu ikaniingiza chumbani humo, nikainama chini ya kitanda. Mabakuli yalikuwa yamepangwa ukutani, uji umegeuka jiwe, mengine yameota ukungu wa kijani wenye manyoya. Mtoto alikuwa hali kitu. Nilipomtazama vizuri jioni hiyo, sketi ya shule ilikuwa inamzunguka kiunoni.

"Nataka zitolewe," aliniambia. "Nimechoka. Wacha meno zikae tu vile zilikuwa."

Hapo niliogopa. Alikuwa amezililia waya hizo, na sasa alikuwa tayari kurudia kuziba mdomo maisha yake yote kuliko kukaa nazo. Jumamosi nikampeleka kwa mama yangu, mbele kidogo ya Salgaa, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Mama yangu hana meno mawili ya mbele ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, kwa chuma chembamba chenye ncha, kama wenzake wote wa siku zile. Ulikuwa urembo, na tena ilikuwa akiba: mtu akishikwa na ugonjwa wa kufunga taya, atanyweshwa maziwa kupitia pengo. Tulipoketi tu alimwambia mjukuu wake apanue mdomo, akaingiza kidole kilichotoka kukamua ng'ombe na kugusa vyuma kimoja kimoja. Nilitazama dari.

"Sisi tulikuwa tunatoa, nyinyi mnaweka," mama alisema, akacheka. "Ni ile ile tu."

"Gogo," binti yangu akamuuliza bibi yake, "na ulikuwa unakula nini?"

"Maziwa. Halafu nyama."

"Nyama aje na kidonda?"

"Mama yangu alikuwa ananitafunia."

Mbuzi wa kuchoma na viazi vya kuponda vilikuwa mezani kwa heshima yetu, na mtoto alikuwa ameikodolea macho nyama ile tangu iingie. Mama akachukua kipande, akakitafuna polepole, mafuta yakimetameta kwenye pengo. Akakitema kiganjani kikiwa cha kijivu, kimelowa, kinavuta uzi wa mate. Akampa. Mtoto hakusita. Alikitia mdomoni, akafumba macho, akameza, akanyoosha mkono aongezwe.

Hapo mimi nikakimbilia nje, nikashikilia nguzo ya zizi, nikitema maji machungu. Niliporudi, mama alikuwa ameenda jikoni kuangalia chai. Binti yangu alikuwa ananisubiri.

"Umetapika?"

"Karibu."

"Dadi, hata mimi huwa unaniangalia hivyo. Nikikula, unakaa kama mtu ameona nzi kwa chai." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Ndio nikaanza kukulia kwa room. Halafu nikaona heri nisikule."

Akachukua kipande cha nyama sahanini, akakiweka mbele yangu.

"Wewe unaweza nitafunia?"

Hakuwa anacheka. Nilikitazama kile kipande, kisha nikalazimisha macho yapande mpaka mdomoni mwake: midomo iliyochubuka, nyuzi za nyama zimenasa kwenye waya, damu kidogo kwenye ufizi. Nikatia nyama mdomoni nikatafuna. Nilitafuna mpaka ikawa tope, machozi yakinitoka, kisha nikainama ili niiteme mkononi.

Akanishika mkono.

"Meza tu, dadi," alisema. "Nilitaka tu kujua kama unaweza."

Nikameza. Naye akavuta sahani ya viazi vya kuponda, akaanza kula palepale mbele yangu, mdomo wazi.