Milango Miwili Inamtosha Dada

Dada yangu mkubwa ni fundi viti, na simaanishi makochi. Anashona viti vya magari. Ukimpelekea gari ambalo kiti chake kimechanika, hakuulizi umelinunua wapi wala lina mwaka gani. Anakaa, anajisogeza kidogo kulia na kushoto, anapitisha kidole chini ya ukingo, kisha anakwambia mwenye gari ni mnene au mwembamba, anaegemea upande gani, na kama huwa anakula huku anaendesha. Aliwahi kumwambia mwalimu mkuu wangu kwamba gari lake lina mtu mwingine analiendesha, mrefu kuliko yeye. Mwalimu mkuu akaenda kumbana shemeji yake, na ikawa kweli.

Ana miaka hamsini na mmoja. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye cherehani mbili nzito, meza ya kukatia ngozi, na rundo la sponji linalokaribia kugusa dari. Baba alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza anajifunza kazi. Akashona mpaka kaka yangu akapata cheti cha uhasibu na mimi nikawa mwalimu wa hesabu. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe hatalisema, na kwa sababu katika mkasa huu mimi sikuwa upande wake.

Kitu anachokipenda Dada ni kuendesha. Sisemi kusafiri, nasema kuendesha. Alifundishwa na dereva wa lori aliyekosa pesa ya kulipia kiti, akalipa kwa masomo ya usukani. Tangu hapo amekuwa na pikapu ya kazi, kuukuu, na kila Jumamosi asubuhi huipandisha barabara ya mlimani yenye kona kumi na saba, akifika juu anageuza anarudi. Hana anachopeleka wala anachokwenda kuchukua. Nilifuatana naye mara moja. Kila kona alishusha gia kabla hajaingia, pikapu ikatokea upande wa pili bila kuyumba, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari njema.

"Tunakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Hatuendi mahali. Tunaendesha."

Mwaka jana akatutangazia kwamba pesa aliyojiwekea kwa miaka sita imetosha, na sasa ananunua gari lake. Haikuwa pesa ya kutisha. Ilikuwa pesa ya gari lililotumika, tena lililotumika sana. Lakini sisi tulishaanza kulipangia kazi kabla hata halijapatikana. Kaka yangu tunamwita Mwenyekiti, maana hata mkate ukibaki kipande kimoja ataitisha kikao. Yeye akasema litakuwa gari la viti saba, ili Mama aende kliniki amekaa vizuri, watoto wangu wawili wapelekwe shule, na kukiwa na shughuli ya ukoo tusiombe lifti. Nikaunga mkono kwa mikono miwili. Dada hakusema ndiyo wala hapana, na sisi tukajifanyia hesabu kwamba amekubali.

Siku ya kwenda yadi ya magari tulikwenda watatu. Mwenyekiti alikuwa ameshazungumza na dalali kwa simu, na gari la viti saba lilikuwa limesogezwa getini, limeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha. Dalali alikuwa kijana mwenye tai na maneno ya mafuta. Alitukaribisha kwa "karibuni sana wazazi wangu," ilhali mimi nina miaka arobaini na mitatu tu, akafungua milango yote tuone nafasi.

Dada alipita kana kwamba hakuona kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi pembeni, ukutani, ambako palikuwa na gari dogo la spoti, la milango miwili, rangi ya kijani iliyokoza, paa limepauka kwa jua. Lilikuwa chini kiasi kwamba paa lilinifika kifuani. Ndani, gia za mkono. Alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Namjua Dada, akiogopa kugusa kitu ujue ameshakipenda.

"Mama, hilo ni la vijana," dalali alisema akimkimbilia.

"Sijakuuliza ni la nani."

"Nakujali tu, Mama. Liko chini sana. Kuingia na kutoka, magoti..."

"Magoti haya yanafanya kazi ya cherehani tangu hujazaliwa. Nipe funguo."

Dalali akageuza maneno palepale. Gari lilikuwa la mtu mmoja, mtu mzima, mpole, wa kwenda kazini na kurudi. Kilomita elfu sitini tu, hizo hapo kwenye dashibodi. Na viti, aaah, viti havijawahi kuguswa, ni vilevile vya kiwandani. Hapo ndipo alipojichongea.

Dada aliingia, akakaa, akajisogeza kulia na kushoto. Akapitisha kidole chini ya ukingo wa kiti, na kidole kikasimama. Akainama akachungulia. Akatoka, akaenda upande wa abiria, akafanya vilevile. Kisha akajifuta mikono kwenye sketi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kiti hiki cha dereva nimekishona mimi."

Hapa lazima nieleze. Yadi za magari zina tabia ya kung'oa viti na kuvipeleka kwa fundi vyenyewe, juu ya mkokoteni, ili fundi asijue ni vya gari gani. Dada hushona vya kila yadi na haulizi. Ila ana mtindo wake: chini ya kiti, mahali ambapo mteja hafiki, humalizia kwa uzi wa kahawia hata kama ngozi ni nyeusi. Mweusi, anasema, hauonekani siku ya kufumua, na mweupe unachafuka. Mji mzima hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Dalali alitaka kuficha umri wa gari, akapeleka viti kwa fundi bora aliyekuwa karibu, kisha akaja kumuuzia fundi huyohuyo.

"Kilikuja kwangu kama miezi minne iliyopita," Dada aliendelea. "Sponji ilikuwa imekwisha upande wa mlangoni, chuma kinaonekana. Kilomita elfu sitini hazili sponji namna ile. Hizo ni laki mbili na ushee."

Mwenyekiti alifurahi hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Umeona, Dada? Ungeuziwa mbuzi kwenye gunia. Haya, turudi kwenye viti saba."

Dada hakumgeukia. "Na hiki cha abiria sikukishona, nilikifuta tu. Hakijakaliwa. Mwenye gari alikuwa peke yake siku zote, na alikuwa anaendesha kwelikweli. Kiti chake kilikuwa kimeliwa pale anapojikaza kwenye kona. Upole wa wapi?"

"Basi hulitaki," dalali alisema, akinyoosha mkono apokee funguo.

"Nani amesema silitaki? Bei ndiyo siitaki."

Akampigia simu fundi mitambo wake, mzee mmoja tunayemwita Daktari kwa sababu hupima gari kwa kulitegea sikio. Daktari alikuja, akaingia chini ya gari, akalizungusha mitaa miwili, akarudi akisema klachi imebakiza wiki, gia ya pili inakwaruza gari likiwa la baridi, lakini injini ni nzima. "Moyo mzuri, miguu inauma," alisema.

"Tutaelewana," Dada akajibu.

Mapatano yalichukua saa mbili, na katika saa hizo mbili Dada hakupandisha sauti, isipokuwa pale wateja wengine walipopita karibu. Hapo alitaja uzi wa kahawia kidogo kwa nguvu. Bei ikashuka mpaka ikafika karibu na nusu, akabaki na pesa ya klachi mpya. Tena akamlazimisha dalali aandike kwenye risiti kwamba kilomita halisi hazijulikani.

"Sasa sisi?" Mwenyekiti alimuuliza tulipofika getini, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Ninyi mko salama," Dada alisema, akawasha gari.

Niseme ukweli, nilichukia. Watoto wangu walikuwa wanatembea dakika arobaini kwenda shule, na mvua zilipoanza walifika wakiwa wamelowa. Nilimwona Dada kila Jumamosi akipita na kile kigari chake cha kijani, klachi mpya, gia ya pili imetengenezwa, kichwa juu, na moyoni nikamwita mbinafsi. Nilimwita hivyo mimi, niliyesomeshwa kwa mgongo wake ulioinama. Siku moja, alipoliegesha kwa Mama, nikachungulia ndani na kuona kitu ambacho sikukizingatia yadini. Nyuma ya viti vya mbele palikuwa na kiti kingine, kifupi, chembamba, cha kubana watoto wawili. Nikapiga mahesabu yangu na kumpelekea Mwenyekiti. Yeye alikuwa anangoja sababu tu.

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa Mama. Mama alikaa kwenye kona yake na mkongojo wake. Mwenyekiti alifungua daftari.

"Dada, hatusemi uliuze. Tusije tukaeleweka vibaya. Tunasema tu gari liwe na ratiba."

Akasoma. Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi, watoto wangu. Jumanne, baada ya watoto, Mama kliniki. Alhamisi jioni, Mwenyekiti mwenyewe ana masomo ya ziada ofisini. Dada alisikiliza mikono ikiwa mapajani, na nilidhani tumempata.

"Na Jumamosi?" aliuliza.

"Jumamosi wifi yako anachukua bidhaa za duka. Kiti cha nyuma kinaweza kubeba katoni nne, nimeshapima."

"Umeshapima."

"Nilipima juzi, ulipokuwa umelala."

Dada aliinuka, akatoka nje. Wifi akanong'ona kwamba ameshaelewa, tumpe nafasi alie kidogo. Mimi niliangalia sakafu. Tukasikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha chuma kikigonga chuma. Mwenyekiti akaendelea kusoma kuhusu mchango wa mafuta, na kwa haki niseme alitaka tuchange wote.

Dada alirudi amekikumbatia kile kiti cha nyuma chote, kizima, spana ikiwa imebanwa kwapani. Alikishusha katikati ya sebule, juu ya zulia la Mama, vumbi likatoka.

"Nafasi mliyokuwa mnagawana ndiyo hii," alisema. "Nimewaletea. Mama nitampeleka kliniki mimi, kama nilivyompeleka siku zote, na hilo halihitaji daftari. Watoto wana baba na mama. Jumamosi ni yangu."

"Dada, hii ni dharau," Mwenyekiti alisema akisimama.

"Ni dharau, ndiyo. Nimewaheshimu miaka thelathini na miwili. Leo mtanivumilia."

Sauti yake ilitetemeka hapo mwishoni, na hakuificha. Alimuaga Mama, akatoka. Tulisikia gari likiwaka, likatoka getini taratibu, kisha gia ya pili, ya tatu, likaelekea upande wa mlimani. Haikuwa hata Jumamosi.

Sebuleni kila mtu alianza kusema kwa wakati mmoja. Wifi alisema hajawahi kuona. Mwenyekiti alisema ataitisha wazee wa ukoo. Mimi nilisema, na naona haya kuliandika, kwamba mtu asiye na watoto hawezi kuelewa. Hapo Mama akagonga mkongojo sakafuni mara moja, tukanyamaza.

"Nilipokuwa na umri wake," alisema, "sikuwa na kitu changu hata kimoja cha kuwanyima. Kama ningekuwa nacho, ningewanyima."

Mwenyekiti alilifunga daftari. Mama akainuka, akanisukuma kidogo kwa kiganja nimpishe, akakaa kwenye kile kiti kifupi katikati ya sebule yake, na akaniambia kesho yake niende nikawanunulie wanangu makoti ya mvua.