Kiputo cha Miba

Watoto wa Marekani nzima walikuwa wakisoma mwandiko wa Filomena Trapasso, na hata mmoja hakulijua jina lake. Hilo halikumkera. Baba yake alikuwa mchora mabango pale Bensonhurst, Brooklyn, mtu aliyeandika "Nyama" juu ya bucha na "Viatu" juu ya duka la viatu tangu aliposhuka melini mpaka alipoingia kaburini, na naye hakuna aliyemuuliza jina. Mena, ndivyo tulivyomwita mtaani, alikulia chini ya ngazi ya mzee huyo akimshikia kopo la rangi, na kabla hajavunja ungo mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko wa baba. Akaja kuolewa na Nunzio, mchora katuni. Watu wakasema hao ni chanda na pete, wakala keki ya harusi, wakaenda zao.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Nunzio alichora kwanza, kurasa nzima kwa penseli, kwa ajili ya kampuni moja ya vitabu vya katuni kule Manhattan. Mhariri, Bwana Gruber, mtu wa sigara nene na mdomo usiopumzika, akishazitazama picha ndipo anatunga nani anasema nini. Kisha kurasa zinarudi Brooklyn, juu ya meza ya jikoni ya Mena, naye anayaandika maneno kwa kalamu ya nibu na kuyazungushia kiputo, ule mstari unaoonyesha yametoka kinywani mwa nani. Na viputo, wacha nikwambie, vina adabu zake. Binadamu husema ndani ya kiputo laini, cha mviringo. Jitu hunguruma ndani ya kiputo cha miba. Mtoto asiyejua hata a wala b akitazama tu anajua hapa anaongea mtu na hapa linaongea jitu. Kwa mwandika viputo hakuna aibu kubwa kama kuchanganya hivyo viwili, na Mena hakuwahi kuchanganya.

Mwaka ule wa sitini na sita, katuni iliyowalisha ilikuwa ya Dokta Lunt. Huyu alikuwa bingwa wa mifupa, mtu mpole, mwenye binti ambaye mifupa yake ilivunjika kwa kuguswa tu. Akachemsha magamba ya kaa, akapata dawa, na kwa vile alimpenda mtoto akajidunga yeye mwenyewe kwanza. Dawa ikafanya kazi, tena ikapitiliza. Tangu hapo dokta akipandwa na hasira, gamba linamtoka mgongoni, mikono inageuka magando, na yule baba mpole anakuwa Gamba, mvunja madaraja. Ukurasa wa mwisho, toleo baada ya toleo, gamba linapasuka, dokta anabaki kifua wazi katikati ya vifusi, analia: "Yule hakuwa mimi!" Mkewe anamkumbatia. Mwezi unaofuata, haya, Gamba huyo tena barabarani.

"Bwana Gruber, hivi huyu mtu hatapona?" Mena alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Akipona tutakula nini, Bibi Trapasso?" Gruber akacheka mpaka akakohoa. "Wasomaji wanampenda akivunja, wanampenda akilia. Muache hivyo hivyo."

Uso wa Gamba ndio uliowashika watu. Nunzio, kama wachoraji wenzake wote, alikuwa na kioo cha kunyolea ndevu alichokiegemeza kwenye meza ya kuchorea. Anakunja sura, anajitazama, anaichora. Ofisini walimsifu: "Ndugu yangu, sura ile unaitoa wapi?" Naye anagonga paji la uso kwa kidole, kwamba anaitoa kichwani. Mena hakucheka nao. Alikuwa akiijua sura ile bila karatasi.

Maana Nunzio wa asubuhi, jamani, ni mume wa kuombea kanisani. Alikoroga kahawa akiimba. Alimpandishia kikongwe wa ghorofa ya juu kapu lake la sokoni. Juu ya mfuko wa chakula cha shule wa binti yao Loretta alichora paka, kila siku paka mpya, huyu kavaa kofia ya askari, yule anacheza kinanda, na darasa zima lilikuwa likisubiri kumwona paka wa leo. Kisha simu inalia, Gruber anataka kurasa tatu zichorwe upya. Au mchuzi umezidi chumvi. Au hakuna chochote, mvua tu. Taya linaganda. Sahani zinaruka. Baadaye sahani zikachosha, ikawa mkono wa Mena, bega la Mena. Naye alikuwa na masikio ya kazi yake: neno la kwanza tu likimtoka mumewe, alijua liko ndani ya kiputo kipi.

Kesho yake Nunzio anarudi na keki za maziwa kutoka kwa mwokaji, sanduku limefungwa uzi mwekundu. Magoti sakafuni. "Mena, yule hakuwa mimi." Mena anakata uzi, anatoa sahani zilizobaki. Usimwite mjinga; wewe hukuishi na yule wa asubuhi. Lakini alikuwa amechora mstari mmoja na kumwambia mumewe usoni: siku utakapomgusa Loretta, hutatuona tena. Nunzio aliapa kwa kaburi la mama yake.

Dada yake mkubwa, Assunta wa Bayonne, ng'ambo ya maji, hakuwa na subira ya mambo hayo.

"We mtoto," alimwambia, "mficha maradhi kifo humuumbua."

"Ana kazi nyingi tu, dada. Wanambana."

"Hata mimi nina kazi nyingi. Umesikia nimempiga nani?"

"Hebu tuyaache, Assunta."

"Mimi nitayaacha. Yeye je?"

Na Loretta naye, miaka tisa, mtoto wa kutazama zaidi kuliko kusema. Alikuwa akisoma katuni chini ya meza, miguuni pa mama yake, mama akiandika juu.

"Mama, mke wa dokta kwa nini haondoki?"

"Kwa sababu ukurasa wa mwisho anarudi kuwa mtu, mwanangu."

"Na mwezi ujao?"

Mena akachovya nibu kwenye wino. Akamwambia atoke pale chini, atachafuka.

Jumapili moja ya Septemba walitoka misani, Nunzio akapitia Sheepshead Bay akanunua kaa hai. Kwanza aliwachora, ndiyo desturi yake. Wakitembea ndani ya sinki naye anacheka, anamwonyesha Loretta jinsi gando linavyofunga. Halafu Mena akawatia kwenye mchuzi wa nyanya, nyumba ikanukia, Nunzio akafunga leso shingoni. Ilikuwa Jumapili nzuri, tena nzuri sana, na Mena baadaye alijilaumu kwa kuwa alifurahi.

Kurasa za kupelekwa Jumatatu zilikuwa juu ya kabati fupi, pembeni ya meza, zimekamilika. Loretta alinyanyua sahani ya baba yake amwongezee mchuzi. Kaa ni mtelezi. Gando likaruka, sahani ikainama, mchuzi mwekundu ukamwagikia uso wa Gamba.

"Papa, samahani..."

"WEWE!"

Mena alisikia miba yake yote. Alikuwa ameshainuka kwenye kiti lakini hakuwahi. Nunzio alimshika mtoto kifundo cha mkono, akamvuta, akamsukuma, na Loretta akaangukia jiko. Ule mlio wa mfupa haukuwa mkubwa. Nunzio mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, akapiga magoti kwenye mchuzi, ameshika kichwa chake.

Hospitalini, daktari kijana aliyemfunga Loretta mkono uliovunjika kwa plasta ngumu akauliza ilikuwaje. Mena alifungua mdomo na kabla hajapata uongo, Loretta akasema, "Nilianguka kwenye ngazi." Alisema vizuri, bila kupepesa. Hakuna aliyemfundisha. Hakika alikuwa amemsikia mama yake akilisema mara nyingi, kwa majirani, kwa padri, kwa Assunta. Mena akatazama ukuta, na moyo ukamuuma kuliko bega lolote.

Na Nunzio? Nunzio alilia njia nzima kwenye basi. Nyumbani akachukua brashi na rangi, akaichora ile plasta ya Loretta: Dokta Lunt anatabasamu, amezungukwa na paka. Ikapendeza, kwa nini nidanganye? Jumatatu shuleni watoto walipanga foleni kuitazama. Mwalimu akasema, "Una bahati ya kuwa na baba wa namna hii." Loretta akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaketi kwenye dawati lake.

Ukurasa ulioharibika ikabidi uchorwe upya. Nunzio aliuchora siku tatu bila kusema na mtu. Ulikuwa ukurasa wa mwisho: dokta amepiga magoti kando ya kitanda cha binti yake, mkono wa mtoto umefungwa, gamba limepasuka vipande sakafuni. Mena hakuwahi kuona picha nzuri kama ile kutoka kwa mkono wa mumewe. Gruber akatunga maneno, akapiga simu mwenyewe kwa furaha.

"Bibi Trapasso, hapo watalia mpaka madereva wa malori! Andika kubwa: 'Yule hakuwa mimi, mwanangu!' Kiputo kinene, cha mviringo, katikati."

Siku ya kuandika, Loretta alikuwa shuleni na Nunzio amelala kitini. Mena alipiga mistari kwa rula. Akaandika maneno, herufi baada ya herufi, mkono umenyooka kama wa baba yake. Ikabaki ile nusu dakika ya kuzungushia kiputo. Akayasoma aliyoyaandika. Aliyasikia kwa sauti ya Nunzio, kando ya sanduku la keki, kando ya kitanda cha hospitali. Aliyasikia Jumapili zote za ndoa yake. Akajiuliza swali ambalo kwa kazi yake alitakiwa kujiuliza kila siku: hapa anaongea nani?

Nibu ikashuka. Mwiba, mwiba, mwiba, mpaka wa mwisho ulipokutana na wa kwanza.

Kulikuwa na rangi nyeupe ya kufutia pale pale mezani. Aliitazama kidogo, akaifunika. Kisha akasimama dirishani kumngoja Loretta arudi, akampigia simu Assunta, na akashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati.

Nunzio alipoamka alikwenda mezani kuchukua kurasa azipeleke Manhattan. Loretta alikuwa mlangoni, ameshavaa koti, mkono mmoja wa koti unaning'inia mtupu kwa ajili ya plasta. Honi ya gari la Assunta ililia huko chini.

"Mena," Nunzio aliita, bado na usingizi, "umekosea kiputo."

"Sijakosea."

"Umekitia miba. Hapa anaongea dokta, ameshakuwa mtu, tazama..." Akauinua ukurasa karibu na dirisha. Taya lake likaganda, na Mena akamsogeza mtoto nyuma ya mgongo wake, mkono kwenye kitasa.

"Nani kakwambia ufanye hivi? Mnanicheka? Wewe na dada yako?"

"Nimeandika ninavyosikia, Nunzio. Ndiyo kazi yangu."

Alipiga hatua moja. Kile kioo cha kunyolea kilikuwa mezani kati yao, nacho kikamshika akipita. Alijiona. Sura aliyokuwa akiitafuta kila asubuhi kwa kukunja na kukunjua, leo imekuja bila kuitwa. Akashika ukingo wa meza.

"Mena," alisema kwa sauti ya asubuhi, "Mena, yule haku..."

Hakumaliza. Nao hawakungoja amalize. Ngazi zilikuwa ndefu na sanduku zito, lakini walishuka.

Bayonne walilala kitanda kimoja na watoto wa Assunta. Plasta ilipokatwa, Loretta hakutaka kuichukua ile michoro. Muuguzi akauliza mara mbili, kisha akaitupa. Mkono ulitoka mwembamba na mweupe, akawa anaushikashika kwa ule mwingine. Keki zilikuja kwa posta, zimepondeka. Assunta akawapa kuku.

Siku katuni ilipotoka, Mena alikwenda mwenyewe kwenye duka la magazeti. Alikuwa na hakika Nunzio amefuta, na kama si yeye basi Gruber. Akafungua ukurasa wa mwisho akiwa amesimama dukani. Dokta amepiga magoti, mtoto kitandani, na maneno yale katikati. Miba yote ilikuwepo, hakuna hata mmoja uliopunguzwa.

Jioni ile, wakiwa mezani, simu ikalia. Assunta akapokea, akakunja uso, akamnyoshea dada yake simu.

Mena akasikiliza. Kwanza ilikuwa pumzi tu. Nunzio hakulia, hakuomba, hakuuliza wanarudi lini.

"Yule alikuwa mimi, Mena," alisema. "Siku zote." Akakata simu.

Mena alibaki amesimama na simu mkononi. Miaka yote ile alikuwa akilingoja neno hilo, akiamini kwamba likija litamrudisha nyumbani mbio. Sasa limekuja, na miguu yake haikusogea.

"Papa anasemaje?" Loretta akauliza.

"Anasema," Mena akairudisha simu mahali pake, "anasema yule alikuwa yeye."

Mtoto alimtazama mama yake kwa mshangao wa kweli, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Kwani wewe ulikuwa hujui?" akasema.