Tumbili wa Mawe na Dada Yangu Moraa

Siku ile Tata Nyang'au alipofika kwetu na nyundo, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu akinisikia nikisema hivyo hununa. Ilikuwa kijijini Tabaka, miaka ya tisini, nami nilikuwa kijana wa kuchonga mawe. Wenzangu walichonga sanamu za viboko, na sahani. Mimi nilichonga tumbili tu, wamekaa, wamebebana, wanatoana chawa, na wafanyabiashara wa mjini Kisii waliwanunua bila kubishana sana.

Dada yangu Moraa ndiye aliyewapiga msasa. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya mumewe kufa, naye mwenyewe amekonda. Alikaa na wanawake wa jirani kuzunguka karai la maji, wakisugua mawe na kusengenya watu kama kawaida. Habari kwamba alikuwa na ukimwi ilipovuja, wanawake hao waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetaka kuchovya mkono katika maji aliyochovya Moraa.

Kisha ukazuka uvumi mwingine. Watu walikuwa wamesikia kwamba ugonjwa huo ulitoka kwa nyani, basi wakaamua kwamba sanamu zangu ndizo zilizouingiza bomani kwetu. Usicheke. Hofu ikishaingia, mtu huamini chochote ili apate wa kumlaumu, na mimi nilikuwa karibu.

Siku chache kabla ya nyundo, mwalimu wangu wa zamani wa bayolojia, mama aliyefundisha upande wa Sironga, alipita kununua zawadi. Nilimuuliza kwa hasira kama ni kweli. Akasema wataalamu wanaamini ugonjwa ulianzia kwa jamii ya nyani, mbali na kwetu, na kwamba jiwe halimwambukizi mtu. Akaongeza jambo lililonishangaza: hata tumbili wanaotuibia mahindi wana virusi vyao, vya ukoo mmoja na hivi vyetu vya ukimwi, na hawaugui.

"Pengine zamani waliugua," alisema. "Wengi wakafa. Wakabaki wale ambao miili yao iliweza kustahimili, na hao ndio wakazaa."

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani Tata alipoingia. Alikuwa mdogo wa baba, ndiyo maana tulimwita Tata, yaani baba, na kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa amefariki, yeye ndiye aliyekuwa na sauti kwetu. Alifuatana na majirani wawili waliovaa nguo za kanisani.

"Hii mawe ivunjwe leo," alisema. "Na huyu msichana ahamie kile kibanda cha chini, huko kwa ndizi. Mama yenu atakuwa anamwachia chakula mlangoni."

Moraa alikuwa palepale, mikono ndani ya karai, akizungumziwa kama mbuzi wa kwenda kufungwa. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuiona tena. Nilimpokonya Tata nyundo, mtu ambaye kwa desturi nilipaswa kumpokea kwa mikono miwili, nikamchukua tumbili wangu mzuri kuliko wote, nikampasua.

"Moraa, umepona?"

Alijitazama mikono, akaigeuza. "Bado," akasema. "Hebu mgonge Tata, pengine ni yeye."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Majirani waliangalia chini. Tata hakucheka.

"Unanidharau mbele ya watu?"

"Heshima yako iko palepale, Tata," nilimjibu. "Lakini Moraa hatoki katika nyumba hii. Ukimtoa, nitoe na mimi."

Aliondoka akinung'unika. Mama akakunja mikono ya gauni lake, akaketi kando ya karai, akachukua msasa.

Moraa aliishi nasi karibu mwaka mmoja zaidi. Dawa za kumwokoa hazikuwa zimetufikia. Alifia kitandani mwake, mama amemshika. Tata alipokuja mazishini akataka kuongoza sala, nilimkatalia. Wanangu wa kuzaa husema nilipita kiasi. Huenda. Ningemkatalia tena kesho.

Binti yangu anafanya kazi ya maabara, naye ndiye aliyenimalizia somo la mwalimu. Anasema ndani ya seli za tumbili kuna protini inayovidaka virusi vya ukimwi wa watu kabla havijaanza kazi. Sisi pia tunayo ya ukoo huohuo, ila yetu haividaki vizuri. Kila jamii ya nyani imerithi protini zilizobadilishwa na maradhi iliyopigana nayo. Virusi vikibadilika, nazo hubadilika, kizazi baada ya kizazi. Nikamuuliza yetu itajifunza lini. Akasema labda baada ya vizazi vingi sana, na vifo vingi mno.

Basi nisikilize, mwanangu. Siku ukiuguliwa, mgonjwa wako hana vizazi vya kungoja. Ana wewe. Ukiambiwa umtenge bure, kataa. Ukiambiwa ni laana, kataa kwa sauti. Muulize daktari kinachoambukiza na kisichoambukiza, na ukishajua, kaa naye, mle sahani moja, na wa kukasirika akasirike. Mkubwa wako mheshimu, lakini akikuagiza ukatili, mwambie hapana huku unamtazama machoni.

Mungu akupe ukaidi wa namna hiyo, na siku utakapolala wewe, akuwekee mkaidi mmoja kando ya kitanda chako.