Siku Nilipompeleka Jogoo Melini

Hii aibu nimekaa nayo miezi saba bila kuiandika, na kama si vile watu wa hapa Kiamunyi wameanza kuiongezea chumvi (juzi kwa kinyozi nimesikia ati niliingia melini na kuku kumi na mbuzi), ningeiacha inyamaze mpaka tuzeeke pamoja. Mbuzi hakukuwa. Kuku alikuwa mmoja, jogoo, na naandika ukweli wake kwa hiki kitabu changu nikijua mimi si mtu wa kuandika vizuri, shule niliachia darasa la saba, lakini afadhali yangu mbovu ya ukweli kuliko yao tamu ya uongo.

Wacha nianze na vile nilifika huko. Msichana wetu Wairimu anafanya kazi kwa meli kubwa ya watalii, anahudumia watu mezani, na mwaka huu akaambiwa anaweza kuleta mzazi mmoja asafiri wiki tatu, kutoka Mombasa, azunguke visiwa, arudi Mombasa. Mama yake alikataa, akasema yeye hawezi kulala mahali ambapo chini yake hakuna udongo, tena nani atakamua ng'ombe? Basi nikaenda mimi, mtu ambaye maji mengi niliyokuwa nimeona maishani ni ya Ziwa Nakuru, na hayo niliyaona kutoka barabarani.

Sitadanganya, maisha ya meli ni mazuri. Kila asubuhi wanakuwekea karatasi mlangoni ya kusema leo kuna nini: mazoezi ya viungo, masomo ya kukunja taulo ikae kama tembo (hayo nilihudhuria mara mbili na tembo wangu alibaki kama viazi kwa gunia), sinema, mahubiri siku ya Jumapili. Mimi niliamka saa ya kukamua kama kawaida, nikazunguka meli juu pekee yangu kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea, halafu nikangoja chai. Na chai ndiyo ilikuwa shida yangu, kwa sababu chai yao ni maji moto na karatasi yenye kamba. Siku ya tatu nikaletewa chai ya maziwa iliyochemshwa kwa sufuria, majani yakaiva, ikawa na rangi kama ya nyumbani. Nikauliza ni nani amefanya hivi, Wairimu akasema, "Ni boss wangu, Baba. Nilimwambia unakunywa aje, akaingia jikoni mwenyewe."

Huyo boss wake anaitwa Lino, Mfilipino, mzee mfupi wa nywele nyeupe, ndiye mkubwa wa wote wanaohudumia mezani. Ndiye alimfundisha Wairimu kazi kutoka kushika sinia. Wairimu alipougua huko baharini, mwaka wake wa kwanza, siku tisa hawezi kusimama, huyu mzee alimpelekea uji kila asubuhi, mambo ambayo mimi babake sikuwa hata na habari. Na siku hizo hizo nilizokuwa pale, alikuwa amempendekeza apandishwe cheo awe msimamizi, imebaki tu wakubwa kukubali.

Sasa kwetu, mtu akikulelea mtoto namna hiyo, huwezi kumwambia asante ukaenda zako. Wairimu alipopita mtihani wa darasa la nane nilimpelekea mwalimu wake jogoo, nikamshika kwa mikono miwili, nikasema maneno yangu mbele ya walimu wengine. Tena jogoo anakuwa hai, maana kumchinja ama kumfuga ni uamuzi wa anayepewa, si wako. Hivyo ndivyo nilivyojua kushukuru, na kwa meli yote hiyo yenye kila kitu, jogoo hakukuwa.

Tukafika Madagaska. Meli kubwa haikufika ufukweni, ilisimama mbali tukapelekwa na maboti madogo, kisha mwongozaji wa huko akatutembeza kikundi cha watu ishirini hivi, tukaona miti ya maua ya marashi, tukaona kanisa, halafu akatuingiza sokoni akasema tusiachane. Mimi nilikuwa naandamana na mama mmoja Mholanzi, Mama Greta, tuliyekaa naye meza moja melini, mjane mcheshi sana. Na hapo sokoni, kando ya mama wa mihogo, nikamwona. Jogoo mwekundu, shingo ya dhahabu, upanga wa kichwani umesimama, miguu safi. Nikasema moyoni, dakika tano tu.

Hizo dakika tano ndizo zilizaa yote.

Nilimpima kwa mkono, nikamkagua macho na chini ya mabawa, tukaelewana na mwenyewe kwa vidole, akamfunga miguu na kamba ya majani na kunipa kikapu cha kifuniko. Nikarudi kwa kikundi. Mama Greta akasema kikapu ni kizuri sana, nami nikasema asante. Hakuuliza kuna nini ndani. Niandike hapa wazi, maana kuna wanaosema tulishirikiana: huyo mama hakujua kitu.

Kwa boti jogoo alinyamaza kama mtu wa heshima. Tukiwa katikati ya maji akawika. Mara moja, lakini kwa nguvu. Wazee wote wakageuka, na mimi nikaangalia bahari kama wao, kama mtu anayejiuliza pia hiyo sauti imetoka wapi. Mama Greta akainua kifuniko kidogo, akafunika. "Bwana Karanja," akasema polepole, "hicho kikapu kimeniangalia."

"Ni zawadi," nikamwambia. Kiingereza changu ni cha kuelewana na daktari wa mifugo, lakini hilo neno ninalo.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami kwa ujinga wangu nikachukulia kicheko chake kama ruhusa.

Mlangoni mwa meli kuna askari na ile mashine ya kuangalia mizigo ndani. Askari akasema weka kikapu. Nikakataa kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesikia ile miale huharibu uzazi, na mimi siwezi kumpa mtu jogoo asiyefaa. Akasema, "Mzee, kila kitu kinapita." Basi nikaweka. Na hapo kwa kioo cha mashine, mbele ya watu wote walio nyuma yangu kwa foleni, ikaonekana mifupa ya jogoo, shingo, mbavu, kila kitu, na ile mifupa ikageuza kichwa.

Askari alipiga kelele. Mashine ikasimama kwa kishindo, kikapu kikalala upande, na nadhani kamba ilikuwa imelegea zamani, kwa sababu jogoo alitokea ule upande mwingine akitembea kwa miguu yake, mbele ya mkoba wa Mama Greta, akajikung'uta, akaangalia ngazi, akapanda.

Ngazi hiyo inaenda kwa ukumbi mkubwa. Na ilikuwa saa kumi, saa ya chai ya jioni, vitambaa vyeupe, keki za ghorofa, mtu anapiga kinanda. Nilikimbia nyuma yake nikimwita vile tunaita kuku nyumbani, "kuru kuru kuru," nikisahau kwamba yeye ni wa Madagaska. Akaruka juu ya kiti, kutoka kiti akaruka juu ya meza, akapita kati ya keki bila kukanyaga hata moja (hilo lazima nimpe sifa), akasimama mwisho wa meza na akawika tena. Kinanda kikanyamaza. Nami nikajitupa kumshika, nikamkosa, nikashika kitambaa. Vikombe vilivyovunjika ni sita. Nilivihesabu nikiwa chini, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuinua macho nione ni nani amesimama pale na sinia.

Alikuwa Wairimu.

"Baba," akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo sana, "tafadhali niambie huyo amekuja pekee yake."

Simu zilikuwa zimeinuliwa kila mahali, watu wanapiga picha, wengine wanapiga makofi wakidhani ni mchezo umepangwa. Ndipo Lino akatokea jikoni. Hakukimbia. Akapiga magoti, akatoa sauti fulani kooni, sauti ya chini, akamwaga makombo ya keki kwa zulia, na jogoo akashuka mezani mwenyewe akaja kula. Lino akamshika mabawa na miguu kwa mkono mmoja, akamweka kwapani, akampapasa kifua kwa kidole. Nikajua mara moja huyu mtu amelelewa na kuku.

"Huyu ni jogoo mzuri," akasema. "Nani alimchagua?"

"Ni mimi," nikasema nikiwa bado chini.

"Wa nini?"

Ningekuwa na akili ningesema nimempata njiani. Lakini nilisimama, nikapanguza krimu kwa shati, na kwa kuwa jogoo alikuwa tayari mikononi mwake, nikasema yale maneno tu. "Ni wako. Umenilelea mtoto. Ulimpa uji akiwa mgonjwa na mimi niko mbali. Mimi na mama yake tunakushukuru."

Lino alimnyoosha jogoo manyoya ya shingo. Akasema, "Babangu pia angeleta jogoo." Halafu akamkabidhi askari, kwa sababu kazi ni kazi.

Baada ya nusu saa tukaitwa ofisini, mimi, Wairimu na Lino, mbele ya mama mmoja mrefu ambaye ndiye mkubwa wa huduma zote melini. Akaeleza bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza zaidi: kuku anaweza kuleta ugonjwa, kisiwa kinachofuata kingeweza kukataa meli nzima isitie nanga. Jogoo atarudishwa na boti ya mwisho, apewe mwongozaji. Na Wairimu ndiye aliweka sahihi kwamba atawajibika kwa mgeni wake. Akafungua faili ya Wairimu. Nikaona picha yake ndogo pale juu, ile alipigiwa Nakuru mjini kabla ya kuondoka, na nikaelewa kwamba wanaongea kumrudisha nyumbani.

Lino akamtetea vizuri sana. Akasema huyu mzee hakuelezwa sheria kwa lugha anayoielewa, makosa ni yetu. Yule mama akaanza kutikisa kichwa kukubali. Na ningenyamaza tu, yangeisha hapo.

Lakini haikuwa kweli. "Hapana," nikasema. "Kuna karatasi mlangoni mwa chumba changu, ina picha ya mnyama amepigwa mstari mwekundu. Niliiona. Nilifikiri ni ya wale wenye mbwa, lakini niliiona."

Wairimu akanikanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga sana.

"Basi niandikwe mimi," nikaendelea. "Huyu hakujua. Angejua angenizuia, maana yeye ndiye mwenye akili kwetu."

Yule mama akafunga faili. Akanitazama, akamtazama Lino, akasema mimi sitashuka tena mpaka Mombasa, na suala la Wairimu kupandishwa litasubiri mpaka huko vilevile. Kama hakutatokea lingine, litafikiriwa. Wairimu akasema asante. Kutoka hapo mpaka kwa lifti alitembea mbele yangu.

Zikabaki siku kumi na moja. Wenzangu walishuka Reunion, wakashuka Morisi, wakashuka Shelisheli, wakarudi na kofia na hadithi, Mama Greta akiniletea picha kwa simu yake, na mimi nilikaa nyuma ya meli kwa kiti kimoja bila kugusa kitu, nikiogopa hata kuvunja kikombe nikamwongezea mtoto mashtaka. Nilijiuliza kama mtu kama mimi alistahili kupelekwa mahali. Siku ya pili ya hicho kifungo changu Wairimu akaja, akaketi. Alisema Lino amempa saa moja kila mchana aje kwangu. Kesho yake akaniuliza habari za ng'ombe. Ya tatu akanieleza mambo ya kazi, jinsi miguu inavyovimba, jinsi Krismasi ya kwanza alilia kwa chumba cha kuweka vitambaa, mambo ambayo hakuwahi kuniambia kwa simu miaka miwili. Kama ningeshuka na wale wengine, hiyo saa singeipata.

Siku moja nikashindwa kujizuia. Usiku wa mwisho kabla aende kazi, nilikuwa nimemwambia mbele ya jamaa wote, "Usiende kutuaibisha huko." Sikumbariki, nilimwambia hayo tu. Nikamuuliza kama anakumbuka.

"Nakumbuka, Baba."

"Mbona hukunirudishia maneno hayo siku ile ya jogoo?"

Akafikiri. "Nilitaka," akasema. "Lakini ulikuwa na krimu kwa masikio."

Tukacheka mpaka watu wakageuka, nami nikaogopa tena kuandikwa.

Tulipofika Mombasa, Lino mwenyewe alileta barua ya wakubwa. Wairimu amekuwa msimamizi. Niliipitisha macho ile karatasi yote, Kiingereza chake kikanishinda, nikairudisha. Nikampa Lino mkono, mkono tu, akanishika kwa yote miwili.

Nimeapa sitawahi tena kununua kitu chenye pumzi nje ya Nakuru, na nikiona picha ya mstari mwekundu mahali popote nitauliza mtu maana yake hata kama ni mlango wa choo. Lakini funzo langu lenyewe si hilo. Miaka yote nilitafuta wa kumshukuru kwa ajili ya mtoto wangu, nikashukuru mwalimu, nikavuka bahari nikashukuru boss, na yeye aliyeamka na kusimama na kuvimba miguu sikuwa nimemwambia hata siku moja. Nikamwambia pale bandarini, mizigo iko chini, watu wanatusukuma. Nikasema, "Wairimu, asante. Umetutoa mbali."

Akaangalia kando. Akanifunga kifungo cha koti kama mtoto.

"Sawa, Baba," akasema. "Sasa panda gari, treni itakuacha."