Sukari ya Mti na Mbwa wa Prof Edmond

Prof Edmond wa mtaa wa Mapendo alikuwa amebakiwa na mwanafunzi mmoja tu, naye alikuwa na miguu minne. Msicheke. Lise, ile sekondari alikofundisha kemia, ilikuwa imejaa wakimbizi wa vita kutoka Sake na Masisi. Palipokaa madawati palitandikwa mikeka, na mule maabara akina mama walikuwa wanapika. Mke wake alishakufa. Binti yake, Exaucée, alikuwa muuguzi huko Liège, Ubelgiji. Huyo mbwa aliingia uani siku moja ya masasi, risasi zikilia mtaani, akajilaza chini ya benchi kama mtu aliyefika kwake, na Edmond akamwacha alale.

Akampa jina Wivu. Wote tunajua jina hilo halikuwa la mbwa. Lilikuwa la jirani yake, Mama Marie-Louise, Mnande wa Butembo anayeuza mandazi, ambaye waligombana naye juu ya maji machafu ya mfereji. Kuna wanaotukana kwa mdomo wazi. Wengine humpa mbwa jina, halafu wanamwita kwa sauti. Kila jioni mama huyo alipopita na beseni lake kichwani, Prof alisimama mlangoni: "Wivu! We Wivu, kuya hapa!" Mwaka mzima hawakusalimiana. Jeuri ya mzee mpweke ni ndefu kuliko barabara ya Butembo.

Basi Exaucée akamtumia baba yake sachet, kipakiti cha sukari ya mti, kwa ajili ya ugonjwa wake wa kisukari. Sukari ya kawaida haikuwemo nyumbani hata punje. Muzee aliujua ulafi wake, alishaigawa yote. Ile ya Ulaya akaimimina kwenye kopo la maziwa, na sachet yenyewe akawashia makaa bila kuisoma. Hapo ndipo alipokosea, lakini tulia kwanza.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ville morte: mji mzima umegoma, maduka yamefungwa, hata pikipiki hazisikiki. Edmond akapika uji, akatia vijiko vinne, akaonja. Tamu! Tena ulimi ulipata kaubaridi fulani. Furaha ikampanda kichwani, akaanza darasa.

"Wivu, sikiliza. Ndani ya mbao muko sukari. Ndiyo! Hata ndani ya kigunzi cha muhindi. Inaitwa ksilozi, iko na kaboni tano, wakati glukozi iko na sita. Unapika mbao na asidi, ksilozi inatoka. Unaiongezea hidrojeni, inakuwa ksilitoli, hii tunakula. Vijidudu vya meno vinaimeza, vinashindwa kuitumia, meno yanapona. Tumbo linaipokea polepole, maini inaigeuza, insulini haishtuki. Unaelewa?"

Mbwa akatikisa mkia. Wanafunzi wengi wa Edmond hawakuwahi kujibu hata kwa kiasi hicho.

Sasa, mama yake Edmond alimlea akijua kwamba kula huku mwingine anakutazama ni tabia ya kichawi. Akagawa uji nusu kwa nusu.

Hajamaliza hata kuosha sufuria, Wivu akatapika. Akasimama, miguu ikapishana kama ya mlevi, akaanguka. Edmond akapiga simu Liège.

"Papa!" Exaucée alipaza sauti. "Umepatia imbwa? Si iliandikwa kwenye sachet!" Akamweleza harakaharaka: mwili wa mbwa unadanganyika, unadhani ni glukozi, unamwaga insulini nyingi, na damu inaishiwa sukari kabisa. "Mupatie sukari ya kweli, Papa! Umupakae kwenye ufizi, sasa hivi! Kisha tuombee maini yake, hii kitu inaiharibu pia."

Sukari ya kweli. Maduka yote kufuli. Nyumba pekee ya karibu yenye sukari ya gunia ilikuwa ile ya muuza mandazi.

Loo! Kiburi kina uzito, asikudanganye mtu. Edmond alifika kwenye lango lile amevaa viatu visivyolingana, akapiga hodi. Mama Marie-Louise akafungua, mikono imejaa unga.

"Prof! Leo umepotea njia?"

"Mama, nakuomba sukari. Imbwa yangu inakufa."

"Imbwa gani? Haina jina?"

Alilijua vizuri. Alitaka aambiwe usoni, si kupitia mbwa.

"Wivu," akasema Edmond, macho chini. "Ile jina nilimupatia juu yako. Nilikosa, mama. Unisamehe. Siko na mutu mwingine."

Mama yule aligeuka, akarudi na bakuli la sukari, akamtangulia mwenyewe kwenda uani. Walipiga magoti; yeye akafungua mdomo wa mbwa, Edmond akapaka. Wakapaka tena na tena. Mwishowe masikio yakacheza, Wivu akainua kichwa, akaanza kulamba vidole vya yule mama. Edmond alicheka mpaka akakohoa.

"Muone huyu," akasema Mama Marie-Louise. "Amejua sukari inatoka wapi."

Alirudi jioni na maji ya sukari, akarudi na kesho yake. Lakini maini hayakubembelezeka. Macho ya Wivu yakawa ya manjano, akakataa maji, na alfajiri iliyofuata Edmond alimkuta chini ya benchi, amepoa. Muzee alilia kwa sauti. Hakulia hivyo hata kwenye kilio cha mkewe, maana siku ile watu walikuwa wengi na alijikaza.

Uani kwake ni mawe ya volkano matupu, jembe halipiti. Mama Marie-Louise akampa nafasi pembeni ya maharage yake, kwenye udongo alioununua kwa magunia. Wakamzika pale, kila mmoja akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, akielekea sokoni, mama huyo akapiga hodi kwa Prof. Alimkuta ameketi, uji umeganda mbele yake.

"Prof, uko muzima? Kila asubuhi nilikuwa nasikia unafundisha. Leo sijasikia kitu, nikaogopa."

"Nifundishe nani, mama?"

Mama Marie-Louise hakuendelea na safari yake ya sokoni. Akabaki amesimama pale mlangoni, beseni kichwani, mandazi yanapoa.