Pori Limejaa

Leonardi alikuwa na vidole tisa, na hakupenda kuulizwa habari za kile cha kumi. Wageni walidhani kimekatwa na mashine. Waliomjua walijua kakikata mwenyewe kwa panga lake, mwaka sabini na nane, mara tu baada ya moma, nyoka wa sumu kali, kukigonga. Akakifukia chini ya mkorosho, akafunga mkono kwa kitambaa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Ndivyo alivyokuwa huyu bwana: maneno machache, moyo mgumu, na kila akitoka porini lazima aoge kwanza ndiyo amguse mtu, maana alisema harufu ya nyoka inaingia kwenye chakula.

Kwao ni Masasi. Alikuja Dar kutafuta kibarua, akaishia Goba, enzi hizo Goba ni vilima na mikorosho mitupu, ukisema unakaa huko watu wanakuonea huruma. Aliyempokea ni Mzee Mwishehe, Mzaramo wa palepale, mkamata nyoka. Nyoka akiingia darini kwako, au ukimwona shambani unapovuna muhogo, ulikuwa unamwita Mwishehe, anakuja na fimbo yake yenye ndoano ya waya, anaondoka naye kwenye gunia. Mzee huyo akamfundisha Leonardi msitu wa nyuma ya Goba mti kwa mti. Akamfundisha na adabu zake, na adabu hizo ndizo zilizokuja kumponza.

Ya kwanza, jike mwenye mimba haguswi. Moma hatagi mayai, anazaa watoto hai, na akishika mimba anakaa palepale miezi na miezi, chini ya kisiki, mnene, mvivu, mgongo umepambwa kama mkeka wa harusi, na asipoguswa hana habari na mtu. Ukimkuta, unafunga kamba ya ukindu kwenye mti ulio karibu naye, mafundo matatu, na mwenzako akiuona anapita mbali. Mti wenye ukindu hakuna aliyeuchezea.

Ya pili ni ya mdomo. Ukirudi kutoka porini, hata kama umerudi na gunia tupu na miiba miguuni, mtu akikuuliza "Pori vipi?" unajibu "Limejaa." Jibu ni hilo tu. Kusema pori halina kitu ni kulitukana, na Mwishehe alikuwa akisema pori likitukanwa linasikia. Aliyekuwa akiuliza ni mkewe, Bi Somoe, kakaa barazani na ungo wa mchele. Mzee alipofariki, mama wa watu akaendelea kumuuliza Leonardi, kila anapopita.

"Pori vipi, mwanangu?"

"Limejaa, mama."

Basi anaridhika, anaendelea kuchambua mchele wake. Sidhani kama kuna siku walizungumza zaidi ya hapo, na walipendana sana.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Kila mtu akawa mfanyabiashara, na mwaka themanini na saba akafika Goba bwana mmoja wa Msasani aitwaye Mudathir, na pikapu na kibali cha kusafirisha nyoka hai nje ya nchi. Huko ng'ambo, akasema, watu wanawafuga sebuleni, na wanaompenda kuliko wote ni moma, kwa ajili ya yale mapambo ya mgongoni. Sesilia, mke wa Leonardi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Sie tunawafukuza kwa magongo, wao wanawakatia tiketi ya ndege," akasema. Lakini mwaka uliofuata alikuwa analala chini ya bati na si makuti, akaacha kucheka.

Tusidanganyane hapa. Wachoma mkaa walikuwepo, na malori yao yalikuwa yanashusha magunia Ubungo kila siku ya Mungu, miti inakwisha watu wanaona. Lakini mkono uliowatia moma kwenye gunia ulikuwa wa Leonardi, ule wenye vidole vinne. Mwanzoni alikuwa anapata sita, saba, kabla jua halijawa kali. Baadaye siku nzima anapata mmoja. Baadaye wiki nzima. Majike hakuwagusa hata siku moja, lakini madume wakiondolewa wote majike watashika mimba na nani? Miti ya ukindu ilikuwa kumi na mmoja. Ikawa minne. Kufika mwaka tisini na tatu ulibaki mti mmoja, ukingoni mwa korongo, na chini ya kisiki chake jike mmoja mkubwa aliyekuwa akishika mimba mwaka huu, akipumzika mwaka ule.

Leonardi akaacha kazi bila kumtangazia mtu. Mudathir alipokuja akamwambia goti linamsumbua. Uongo. Alikuwa anaona haya, haya ya mtu mzima aliyekula akiba ya nyumba peke yake, na kila asubuhi alikuwa akienda kumwangalia yule jike, anasimama hatua kumi, anarudi. Akibaki huyu, alijiambia, msitu utajaa tena. Hilo ndilo jambo alilolitaka maishani wakati ule, wala hakuwa na lingine.

Mwezi wa saba mwaka huo akaja Benedicta, mwanamke wa makamo wa ofisi ya wanyamapori, na makaratasi yake. Serikali ilitaka kuamua kama moma wamepungua kiasi cha kuingizwa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria, kwa hiyo alikuwa anawahoji wakamataji wote. Akakaribishwa barazani kwa Bi Somoe. Alikuwa amejifunza lugha ya watu, akaanza vizuri kabisa.

"Shikamoo mzee. Pori vipi? Moma bado wapo?"

"Marahaba. Limejaa," akajibu Leonardi.

Bi Somoe yuko pale na ungo wake, anasikiliza. Mdomo uliozoea jibu moja miaka ishirini haukungoja kuulizwa mara ya pili. Benedicta akaandika. Akawauliza na wakamataji wengine waliokuwapo, Mbwana na ndugu zake, wote wakasema limejaa, maana wangesemaje? Akaandika tena, akashukuru.

Sesilia ndiye aliyemsindikiza mgeni mpaka barabarani, na huko akaelezwa kila kitu: wakiingia kwenye orodha, kukamata marufuku, msitu utawekewa walinzi, na walinzi watatafutwa watu wanaolijua pori. "Lakini kwa walivyosema wazee, hamna wasiwasi," Benedicta akamalizia. Sesilia akarudi mbio, ndala moja mkononi.

"Umesema limejaa?"

"Ndivyo inavyosemwa."

"Mwenzio anaandika, Leonardi. Bi Somoe haandiki."

Akakaa chini. Ilimchukua muda kuelewa kwamba neno la barazani limeshaingia kwenye faili. Alipoelewa, akavaa shati lake la kanisani, akapanda gari mpaka mjini, akamtafuta Benedicta ofisi kwa ofisi. Benedicta alimsikiliza, akashika kichwa. Kamati inakaa Alhamisi, akamwambia, njoo useme mwenyewe.

Akaenda. Meza ndefu, feni inalia darini, watu watano na chupa za soda. Mudathir naye yupo, kwa niaba ya wasafirishaji. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: mkamataji mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini, Leonardi wa Goba, anasema msitu umejaa. Leonardi akasimama akasema hapana, amebaki mmoja.

"Mzee, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?" akauliza mwenyekiti.

Akaeleza. Akaeleza habari za Mwishehe, za adabu ya mdomo, za pori linalosikia. Mle chumbani, chini ya ile feni, maneno yaliyokuwa na uzito Goba yakawa kichekesho, na wawili wakainamisha vichwa kuficha meno. Mudathir hakucheka. "Huyu mzee wangu namheshimu sana," akasema kwa upole. "Kachoka tu. Goti linamsumbua." Benedicta akasema basi twendeni tukaone kwa macho, na mwenyekiti akakubali.

Usiku wa kuamkia safari hiyo Leonardi hakupata usingizi, na Sesilia naye.

"Nikiwaonyesha, Mudathir anapaona," akasema Leonardi. "Nisipowaonyesha, mie mwongo."

"Si ana karatasi yule mama wa wanyamapori?"

"Anayo."

"Basi muamini."

Waliingia msituni saa mbili asubuhi. Leonardi alikuwa amepanga kichwani mwake: kwanza atawapitisha kwenye ile miti kumi, wauone ukindu uliokauka na visiki vilivyochomwa mkaa, waone utupu ulivyo. Mti wa kwanza akawaeleza. Wa pili akawaeleza. Kufika wa tatu mwenyekiti alikuwa amejaa upupu kwenye suruali, anajikuna mpaka damu. "Mzee," akasema, "tuonyeshe nyoka, si kamba. Hatukuja huku kutazama kamba."

Mtu wa namna ile utamwambia nini? Kwake utupu haukuwa kitu cha kuonyeshwa. Leonardi akamtazama Benedicta, Benedicta akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, twende. Akawavusha korongo.

Alikuwepo. Amejaa majani mgongoni, tumbo limetanuka, kichwa chake kipana kimelala juu ya kunjo la mwili wake. Ilibidi Leonardi awaonyeshe kwa ncha ya fimbo ndiyo wakamwona, na walipomwona wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Mudathir hakurudi. Aliutazama ule mti wenye ukindu, akalitazama korongo, akaitazama njia waliyojia. Leonardi akamwona anavyotazama.

Mwenyekiti akaangalia saa yake. "Saa tatu na robo," akasema. "Tumetembea saa moja na robo tu, tumempata. Na ana mimba."

"Nimewaleta mie," Leonardi akasema. "Namjua anapokaa. Mngekuja wenyewe msingemwona mwaka mzima."

"Lakini yupo," akasema mwenyekiti, na mwingine akaandika.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, ameileta Benedicta mwenyewe, na akaisoma pale uani amesimama, akakataa kiti. Nyoka huyo anapatikana kwa urahisi na anazaliana vizuri. Wakamataji wenyeji wanathibitisha kuwa wapo kwa wingi. Hakuna sababu ya kumwingiza kwenye orodha kwa sasa. Alikuwa amebishana nao, akasema, alipiga kelele mpaka wakamwambia atoke nje. Leonardi akamuuliza swali moja tu: wenyeji ni nani hao? Benedicta akamwonyesha jina lake, limepigwa chapa, na chini yake lile neno.

Kesho yake asubuhi akaenda korongoni. Tangu siku ile ya kamati hakuwa ameenda, akiogopa kufuatwa na kuwaonyesha watu njia, kama vile njia ilikuwa bado siri. Alikuta kisiki kimechimbuliwa, mizizi imekatwa kwa sululu, udongo mbichi umerushwa kila upande, nyayo za mabuti. Ukindu ulikuwa chini. Haukukatika wenyewe: umekatwa kwa kisu, na mafundo yake matatu bado yamekaza. Aliyekata alijua maana yake, au hakujua, kwa moma ilikuwa mamoja.

Akazunguka pale mpaka jua likawa utosini. Akainua kila jani, kila kuti, kila gogo, labda alizaa kabla, labda yupo mtoto mmoja kaponea. Hakuna. Mwishowe akakaa kwenye ule udongo akalia kwa sauti, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, yuleyule aliyekata kidole chake bila kulia. Alilia kwa sababu alijua kwamba Mudathir alichukua mmoja tu. Wengine wote aliwachukua yeye, na huyu wa mwisho amempeleka mwenyewe, kwa kuongoza msafara.

Alirudi kwa njia ileile ya siku zote, ukindu mkononi. Bi Somoe yuko barazani. Macho yalikuwa yamepungua nguvu siku hizo, lakini hatua za Leonardi alizijua.

"Pori vipi, mwanangu?"

Leonardi akasimama. Hakujibu upesi, na kule kuchelewa tu kulimfanya bibi aache kupeta.

"Limekwisha, mama."

"Umesemaje?"

"Limekwisha."

Alidhani atagombezwa. Alikuwa tayari kugombezwa, na pengine angepata nafuu. Bi Somoe aliuweka ungo pembeni taratibu, akajivuta mpaka ukingoni mwa mkeka ili apate nafasi, akaishika kanga yake akajifunika kichwa mpaka usoni.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kaa."

Leonardi akakaa, akauweka ukindu katikati yao. Baadaye kidogo akapita jirani anatoka dukani, akamwona Bi Somoe kajifunika vile na mwanamume kainama kando yake. Akavua ndala, akaketi ukingoni mwa mkeka, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.